Kugawana kwa meli au kwa ujuzi: kuunda mapigano ya Trafalgar kwa kompyuta

Wanafunzi wanaotaka kuunda kwa pande tatu mapigano ya Trafalgar ya tarehe 21 Oktoba 1805, ambapo manowari kubwa 27 za Uingereza zilikabili 33 za Ufaransa na Hispania, wanaweza kugawana kazi kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kila mmoja kuunda meli yake nzima, kuanzia mkuku hadi ncha ya mlingoti. Humfunza mtu mengi, nami naiheshimu kwa hilo. Lakini vipimo hupishana, na Victory ya Uingereza yenye mizinga 104 huweza kuonekana kubwa kuliko Santísima Trinidad ya Hispania, iliyoizidi kwa mizinga na sitaha.

Njia ya pili ni kugawana kwa ujuzi: mmoja bodi za meli, mwingine matanga na kamba, wa tatu bahari, moshi na mwanga. Hapa mzinga mmoja uliotengenezwa vizuri katika programu ya kuunda maumbo ya pande tatu kama Blender hurudiwa mara mamia, nakala zote zikitegemea umbo moja la asili, hivyo kosa likirekebishwa hapo hurekebika katika meli zote, na kumbukumbu ya kompyuta haielemewi. Udhaifu wake ni kusubiriana. Kwa muhula mmoja ningechagua hii, mradi kipimo cha mita kikubaliwe siku ya kwanza.