Uzamili Tengeru na Moshi: panaposifika na wanafunzi wanapokwama

Anayetafuta shahada ya uzamili ya chuo cha umma bila kuhama Kaskazini ana angalau milango mitatu ya karibu. Kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela kule Tengeru, ambayo watu wote wanaiita Mandela tu. Kuna Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Na kuna Chuo cha Uhasibu Arusha, Njiro, kilicho chini ya Wizara ya Fedha. Hapa nashughulika na miwili ya kwanza, kwa sababu ndiko ambako tasnifu ina uzito mkubwa kuliko mitihani. Nianze na hukumu: masomo ya darasani hayamshindi mtu aliyefika huko kwa vyeti halali. Watu hukwama baada ya darasa, kati ya pendekezo la utafiti na siku ya kutetea, na hapo ndipo waombaji wengi hawaulizi chochote kabla ya kulipa ada.

Mandela ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011, na ilijengwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Mpangilio huo una maana kubwa kwa mtu wa sayansi, kwa kuwa maabara haikupangwa kuzunguka mamia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Fani zake zimelalia kwenye sayansi ya viumbe, maji, nishati, mazingira, kompyuta na mawasiliano, pamoja na upande wa biashara. Mazingira yenyewe yanakupa mada. Chemchemi na visima vingi kandokando ya Mlima Meru vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watoto wa vijijini yanaonekana kwa macho. Mwanafunzi wa maji anaweza kuchota sampuli asubuhi na kuipima mchana siku hiyohiyo. Askwar Hilonga, aliyeshinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa chujio lake la maji la nanoteknolojia, alikuwa mhadhiri wa hapo wakati huo.

Ushirika Moshi ina nguvu ya aina nyingine. Kilianza 1963 kama chuo cha ushirika, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 2004, kisha chuo kikuu kamili mwaka 2014. Kwa mada za AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao), SACCOS (vyama vya akiba na mikopo), masoko ya mazao na fedha za vijijini, sioni mahali pazuri zaidi nchini pa kukaa na kufanya utafiti. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanzishwa 1933, iko mjini hapohapo, na vyama vya kahawa viko mwendo mfupi wa daladala kwenda Kibosho, Marangu au Machame. Kwa mtu wa ushirika, huo ni utajiri.

Sasa tuje kwenye kukwama, na la kwanza ni msimamizi. Kabla ya kuomba nafasi, tafuta makala mbili za karibuni za mhadhiri unayemtaka, uzisome, kisha mwandikie barua pepe yenye ukurasa mmoja wa wazo lako. Muulize waziwazi ana wanafunzi wangapi kwa sasa na wangapi kati yao wako kwenye hatua ya kuandika. Kwa kawaida utapewa wasimamizi wawili, na hapo huzuka tatizo linalokula miezi: mmoja anasema ongeza lengo la nne, mwingine anasema lifute, nawe unabaki kubeba rasimu huku na kule. Dawa yake ni kikao cha pamoja, hata cha nusu saa kwa simu, kisha siku hiyohiyo unawatumia wote wawili yale mliyokubaliana. Na msimamizi akipata uteuzi serikalini au akienda masomoni, mambo ambayo kwenye vyuo vya umma ni ya kawaida, andika kwa mkuu wa idara wiki hiyohiyo kuomba mwingine. Anayengoja kwa heshima hupoteza muhula.

La pili ni mada pana. "Mchango wa SACCOS katika kupunguza umaskini Tanzania" haitapita, na ikipita itakutesa. "Masharti ya dhamana na ukubwa wa mikopo kwa wanachama wanawake wa SACCOS za Manispaa ya Moshi" inapimika. Malengo matatu mahususi yanatosha, kila moja likiwa na kigezo chake na njia yake ya uchambuzi iliyoandikwa kabla hujaenda uwandani. Lengo lisilo na njia ya uchambuzi ndilo watahini hulianza nalo.

Ukubwa wa sampuli nao umewaumiza wengi. Kanuni ya Yamane ndiyo inayotumika zaidi: unazidisha idadi ya watu kwa mraba wa kosa unaloruhusu, unajumlisha moja, kisha unagawa idadi ya watu kwa jibu hilo. Chama chenye wanachama 1,200 kwa kosa la asilimia 5 kinakupa watu 300. Ukiweka asilimia 10 unapata takriban 92, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia, maana nauli na posho zinashuka kwa zaidi ya theluthi mbili. Mtahini atauliza kwa nini asilimia 10, na "bajeti haikutosha" si jibu la kitaaluma. Piga hesabu ya kazi mapema. Mahojiano ya dakika 45 yanampa mkusanya data mmoja watu sita au saba kwa siku, ukihesabu na kutembea mgombani kutoka kihamba hadi kihamba. Wakusanya data watatu watamaliza 300 kwa siku kumi na tano hivi, mvua isiponyesha. Tumia KoboToolbox, programu ya kukusanyia data, kwenye simu badala ya karatasi. Inakuzuia kuacha swali wazi na inafanya kazi bila mtandao hadi mtakaporudi penye mtandao. Hojaji iwe ya Kiswahili, na ijaribiwe kijiji kingine kwanza kwa watu wapatao 30. Neno kama "mtaji" mkulima anaweza kulichukua kuwa ni fedha taslimu tu, wewe ukiwa na maana ya shamba na mifugo pia.

Kibali ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Barua ya utafiti ya chuo hutoka kwa jina la Makamu Mkuu wa Chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka hapo unapewa barua ya wilaya au halmashauri, kisha ya Mtendaji wa Kata, kisha ya Mtendaji wa Kijiji, na kila mezani panahitaji nakala na muhuri. Kosa linalorudisha watu nyuma Arusha ni jina la halmashauri. Wilaya ya Arumeru ina halmashauri mbili, ya Meru na ya Arusha, na Jiji la Arusha ni halmashauri nyingine kabisa. Kule Moshi, Manispaa na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi ni ofisi tofauti. Barua iliyoandikwa "Halmashauri ya Arumeru" inarudi chuoni. Angalia pia tarehe: ukiandikiwa mwezi mmoja na masika yakakukata, utaanza upya, kwa hiyo omba miezi mitatu tangu mwanzo. Kwa vyama vya ushirika, pitia pia kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa. Bila baraka zake, katibu wa AMCOS hatakufungulia daftari la wanachama, na yuko sahihi.

Utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili. Mandela, Hospitali ya Kibong'oto na CEDHA, kituo cha elimu ya maendeleo ya afya cha Arusha, wana kamati ya pamoja ya maadili ya utafiti wa afya, na hilo linampunguzia mwanafunzi wa huku safari. Wa wanyamapori apitie TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na akitaka kuingia hifadhini aongeze ruhusa ya mamlaka ya hifadhi yenyewe. Mwanafunzi kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kisiombwe mwezi uleule wa kuanza kazi.

Kalenda ya uwandani haiendi na kalenda ya chuo. Kahawa ya Kilimanjaro huvunwa zaidi kuanzia Julai hadi karibu na mwisho wa mwaka, na wakati huo wanachama wanakuja wenyewe ghalani kupima. Siku mbili pale mizani zinakupa watu ambao mwezi Aprili ungewafuata nyumba kwa nyumba kwenye tope. Anayetetea pendekezo Februari na kupata barua Machi ameingia masika moja kwa moja. Atumie Machi hadi Mei kusafisha hojaji, kufundisha wakusanya data na kuandika sura ya pili.

Maabara ina kalenda yake pia. Kemikali nyingi zinaagizwa nje, na zinahitaji kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali pamoja na taratibu za manunuzi ya umma. Weka miezi mitatu kati ya kuagiza na kupokea, na uagize mara tu pendekezo linapopita. Kwenye maabara ya chuo chochote cha umma, muulize fundi sanifu maswali haya kabla ya kuandika njia zako: mashine hii ilifanyiwa usawazishaji lini, gesi yake iko, na nani mwingine ameiandikia siku? Njia ya uchambuzi inayotegemea mashine iliyosimama itakulazimu kubadili lengo, na kubadili lengo ni kurudi kwenye kamati. Sampuli za kupelekwa nje ya nchi zinahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli, nao huchukua muda kuliko safari yenyewe.

Kuchapisha makala: Mandela inadai andiko kwenye jarida lililopitiwa na wataalamu, moja kwa uzamili na mawili kwa uzamivu, kabla ya kuhitimu. Nalisifu sharti hili, kwa sababu mhitimu anatoka na kitu kinachosomwa nje ya kabati la maktaba. Shida ni muda, maana jarida zuri laweza kukaa na andiko miezi sita. Andika makala ukiwa bado unachambua data, usingoje tasnifu iishe. Kimbia jarida linalokuahidi kuchapisha kwa siku tano ukilipa. Majarida mazito ya kimataifa yana ada kubwa, lakini Tanzania imo kwenye orodha ya Research4Life, mpango wa kuzifikishia nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kitaaluma, na wachapishaji wengi huifuta ada hiyo au kuipunguza. Omba msamaha huo wakati wa kuwasilisha, maana baada ya kukubaliwa wengi hawausikilizi.

Mtahini wa nje akirudisha tasnifu na marekebisho, tengeneza jedwali la safu tatu: hoja yake, ulichofanya, ukurasa. Usiache hoja hata moja bila jibu, hata kama jibu ni kumweleza kwa heshima kwa nini hukubadilisha. Jedwali hilo huharakisha saini ya msimamizi kuliko simu za kubembeleza. Vyuo vingi hufanya mahafali mwishoni mwa mwaka, na jina lisilofika Seneti kwa wakati linasubiri mwaka mwingine, huku ada ya kuongezewa muda ikiendelea kuhesabiwa.

Kuhusu fedha, mwenye ada peke yake hana bajeti. Ongeza uwandani, vipimo, uchapaji, na semina za maendeleo. Kila malipo yanapita kwenye namba ya malipo ya serikali, na namba hizo zina muda wa mwisho; lipa mapema na utunze stakabadhi, maana ofisi ya usajili itaiuliza. Mtumishi wa umma achukue ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kujisajili. Mandela ni ngumu kwa anayefanya kazi mjini kutwa nzima: chuo kiko ndani upande wa Nambala, kutoka barabara kuu unahitaji bodaboda, na Jumatano na Jumamosi soko la Tengeru hupunguza mwendo wa daladala barabarani. Anayeweza kupanga chumba Tengeru au Usa River apange, na abebe sweta la Juni na Julai. Moshi ni rahisi zaidi kwa hili, chuo kiko mjini na vyumba vipo jirani.

Wakati wa kuomba, andaa vyeti halisi na matokeo ya shahada ya kwanza, cheti cha kuzaliwa, barua za wadhamini wawili wa kitaaluma, na kama ulisoma nje, utambuzi wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Wastani wa 2.7 kati ya 5 ndio unaotajwa mara nyingi kama sharti la chini, ila fani zenye ushindani huchukua wa juu zaidi. Wadhamini waombe wiki tatu kabla. Kisha nenda idarani mwenyewe, uliza ni wangapi kati ya waliojiunga miaka mitatu iliyopita wameshahitimu, na umtafute mmoja wao akuambie alikaa wapi muda mrefu zaidi.