Jellyfin na adapta ya LAN: uzoefu wangu na video za 4K zinazokwama kwenye TV

Jellyfin ni programu ya bure inayoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa seva ya video: faili linakaa kwenye kompyuta, TV inalicheza kupitia mtandao wa nyumbani. Mimi naitumia kwa kazi moja tu, kutazama kwenye TV janja video za familia zilizorekodiwa kwa simu na kamera kwa ubora wa 4K, bila lile duara linalozunguka katikati ya kioo. Naipa nyota nne kati ya tano. Hata hivyo, kilichomaliza kukwama kwa video zangu ni adapta ya LAN, kidude kinachoingia kwenye tundu la USB la TV ili ipokee mtandao kwa waya. Jellyfin ilinionyesha tatizo liko wapi, na kwa hilo peke yake inastahili nyota tatu kati ya hizo nne.

Ukimweleza mtu kwamba TV yako inakwama, jibu huwa tayari mdomoni: ongeza kifurushi cha intaneti. Kwa filamu inayotoka kwenye intaneti ushauri huo una mantiki. Lakini video iliyo kwenye diski yako haigusi intaneti hata kidogo. Inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye TV, basi. Anayebisha achomoe waya unaoleta intaneti kwenye ruta. Jellyfin haihitaji akaunti ya kampuni yoyote wala ruhusa kutoka nje, kwa hiyo video itaendelea kucheza, na kama ilikuwa inakwama itaendelea kukwama vilevile.

Mbona basi Netflix inacheza 4K vizuri kwenye TV hiyohiyo? Netflix inapendekeza kasi ya megabiti 15 kwa sekunde au zaidi kwa 4K. Inatosha kwa sababu filamu imebanwa mapema, bila haraka, na kompyuta zenye nguvu. Simu haina nafasi hiyo. Inabana picha papo hapo huku mtoto anakimbia mbele ya kamera, hivyo inatumia data nyingi ili ubora usianguke. Apple inakadiria kwamba dakika moja ya 4K kwa fremu 60 kwa sekunde, katika mfumo wa kubana video wa HEVC, hula kama megabaiti 400. Zidisha kwa 8 upate megabiti, gawanya kwa sekunde 60, unakuta megabiti 53 hivi kila sekunde. Kamera nyingi hurekodi 4K kwa megabiti 100. Na ukiwasha ProRes kwenye iPhone, mfumo usiobana sana kwa ajili ya kuhariri, dakika moja ya 4K kwa fremu 30 hufika gigabaiti 6, yaani megabiti 800 kwa sekunde. Hiyo usihangaike kuirusha kwenye TV, ni mali ya mhariri wa video.

Chunga sana biti na baiti hapo. Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti, ukubwa wa faili kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Nusu ya mabishano ninayoyasikia kuhusu TV kukwama yanatokana na watu wawili kutaja namba moja kwa vipimo viwili.

Sasa nije kwenye kinachonifurahisha kwenye Jellyfin. Video ikiwa inacheza, ukifungua dashibodi yake kwenye kompyuta unaona kila TV au simu inafanyiwa nini: je, faili linapelekwa kama lilivyo, au kompyuta inalifungua na kulibana upya wakati huohuo unapotazama? Na kama inabana upya, inakuandikia sababu. Hii ni tofauti kubwa, kwa sababu kuna magonjwa mawili yenye dalili moja. La kwanza ni njia nyembamba: faili linapelekwa kama lilivyo, kompyuta haina kazi ngumu, ila mtandao hauwezi kulibeba. La pili ni kompyuta kuelemewa: mtandao uko wazi kabisa, lakini kichakataji, ubongo wa kompyuta, kinafanya kazi kwa asilimia mia kikijaribu kuibana upya 4K kwa kasi ya kutazamwa, na hakifiki. Kwa aliyekaa kwenye kochi yote mawili ni duara lilelile. Dawa zake hazifanani hata kidogo, na ukitibu lisilokuwepo utamaliza pesa bure.

Kwangu yote mawili yalikuwepo, kila moja kwa mafaili yake.

Nianze na la kubana upya. Sababu iliyojitokeza mara nyingi ilikuwa ndogo hadi inachekesha: programu ya Jellyfin kwenye TV ilikuwa na kikomo cha ubora kwenye mipangilio ya uchezaji. Video yoyote iliyozidi kikomo hicho ilikuwa inapunguzwa kwanza, hata kama TV ingeweza kuicheza yote. Nilipandisha kikomo hadi mwisho, na kazi ya kompyuta ikashuka hapohapo. Sababu ya pili ni video za kamera zenye rangi za biti 10 katika mpangilio wa 4:2:2, unaohifadhi rangi kwa undani zaidi. Kamera zinajivunia mpangilio huo kwa sababu unafaa kwa kuhariri, lakini TV kwa kawaida zimetengenezwa kucheza 4:2:0. Hapo hakuna kikomo cha kupandisha. Lazima mtu aibadilishe video, ama kompyuta wakati wa kutazama, ama wewe mapema.

Mimi nimechagua mapema, kwa HandBrake, programu ya kubadilisha video ambayo nayo ni ya bure. Naweka H.265 (ndiyo HEVC ileile) ya biti 10, kiwango cha ubora kati ya 20 na 22, na kuiacha ifanye kazi usiku. Faili linashuka chini ya nusu na macho yangu hayaoni tofauti kwenye TV. Faili la asili halifutwi, linahamia kwenye diski nyingine. Kuna pia kisanduku kidogo cha kuandaa faili kwa ajili ya kuchezwa mtandaoni. Kitie tiki, kwa sababu kinahamishia faharasa ya MP4, yaani orodha ya kilichomo ndani, mwanzoni mwa faili. Faharasa ikiwa mwisho, kama simu na kamera nyingi zinavyoiandika, kuna programu zinazochelewa kuanza kucheza kwa sababu inabidi ziitafute huko kwanza.

Kuhusu mtandao, kitu cha kwanza nilichokibadilisha hakikuhusu TV kabisa. Niliiunganisha kompyuta na ruta kwa waya. Kama kompyuta iko kwenye Wi-Fi na TV iko kwenye Wi-Fi ileile, kila kipande cha video kinapita hewani mara mbili, mara moja kwenda kwenye ruta na mara ya pili kwenda kwenye TV, na zamu zote mbili zinagombania masafa yaleyale. Karibu nusu ya kasi inapotea hapo. Kwa gharama ya waya mmoja, hili lilipunguza kukwama kuliko kitu kingine chochote nilichofanya bila kununua kifaa. Vifaa vya kupeleka Wi-Fi mbali zaidi navyo vina kasoro hiyohiyo, hasa vile vinavyopokea na kurusha kwa bendi moja, kwa hiyo nisingeanzia huko.

Bendi ya Wi-Fi ya 2.4 GHz iache kwa ajili ya balbu na spika. Ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na majirani wote wako humo, pamoja na Bluetooth na oveni ya maikrowevu. TV ihamie 5 GHz. Bendi hiyo haipendi kuta nene, lakini TV ikiwa chumba kimoja na ruta, au ukuta mmoja mbali, video za simu za megabiti 50 zinapita bila shida. Kwangu za simu zilitulia. Za kamera za megabiti 100 ziliendelea kukwama, hasa jioni, watu wengine ndani wakiwa kwenye simu zao. Wastani wa 100 haumaanishi kila sekunde ni 100. Kwenye picha majani yakipeperuka au maji yakirushwa, namba inaruka juu kwa muda, na Wi-Fi nayo huenda iko chini muda huohuo.

Jawabu la wazi lingekuwa waya hadi kwenye TV. Hapa ndipo watengenezaji wa TV wanaponishangaza. TV nyingi, hata zile kubwa za bei mbaya, zina tundu la LAN la megabiti 100 tu, na ukitoa gharama za usafirishaji wa data unabaki na kama 94. Ni sawa na kupitisha lori kwenye mlango wa baiskeli. Kwa huduma za filamu za megabiti 15 hakuna atakayegundua, na nadhani ndiyo maana halijabadilishwa miaka yote hii. Kwa video zako mwenyewe, waya kwenye tundu hilo unaweza kuwa mbaya kuliko Wi-Fi nzuri ya 5 GHz.

Adapta ya gigabiti, yaani megabiti 1000, inakwepa mlango huo. Inaingia kwenye USB, na hata USB 2.0, ambayo kwa nadharia ni megabiti 480, inakupa kama 300 kwa vitendo, mara tatu ya lile tundu la TV. Ukiwa na USB 3.0 ni bora zaidi. Niliiweka, nikawasha TV, ikaunganika yenyewe, na video za kamera zikacheza mwanzo hadi mwisho. Hata kuruka mbele kwa rimoti kukawa kwepesi.

Lakini usinunue kwa kufumba macho. TV lazima iijue chipu iliyomo. Zenye mfumo wa Android ndizo zenye nafasi kubwa ya kuitambua, na chipu zinazotajwa sana kwa kazi hii ni Realtek RTL8153 na ASIX AX88179. Mifumo mingine ya TV inaweza isiitambue kabisa. Nunua mahali unapoweza kurudisha. Kero yangu ni kwamba mara mojamoja TV ikiamka kutoka usingizini haiioni adapta mpaka niichomoe na kuichomeka tena. Adapta nayo naikata nyota moja kwa sababu hiyo.

Nyota niliyoinyima Jellyfin imekwenda kwenye mambo mawili. Programu yake haipatikani kirahisi kwenye kila aina ya TV, na kuiweka kunadai mtu asiyeogopa mipangilio. Ukiiweka, chagua aina ya maktaba ya video za nyumbani na picha. Ukichagua maktaba ya filamu, itajitahidi kukisia kila faili ni filamu gani, na sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wako inaweza kupambwa na bango la filamu usiyoijua.

Kwa asiyetaka seva, diski ya USB iliyochomekwa moja kwa moja kwenye TV bado ni njia nzuri. Hakuna mtandao, hakuna kukwama, ilimradi TV iweze kuisoma video yenyewe. Iandae kwa exFAT, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, kama TV inaikubali, maana FAT32 haipokei faili la gigabaiti 4 au zaidi, na 4K ya simu hufika hapo kwa kama dakika 10. Kurusha skrini ya simu kwenye TV siipendekezi kwa video nzito. Simu inaibana upya picha inapoirusha, kwa hiyo unachokitazama si 4K uliyoirekodi.

Kama TV yako imeikataa adapta, kinachobaki ni kisanduku cha nje cha HDMI chenye LAN yake. Soma maelezo kabla ya kulipa: pawe pameandikwa gigabiti au 1000, kwa sababu visanduku vingi vya bei ndogo navyo vinakuja na tundu la 100.