Boti Waliiopoa Baharini, Mashine Wakaiua Nchi Kavu

Karakana hii ya kuopoa na kutengeneza boti nimeipa nyota moja. Hata hiyo moja nimeitoa kwa sababu pale karakana wamo watu wawili ambao nikiwapa sifuri nitakuwa nimewadhulumu. Hao nitawafikia. Kwanza niseme la mashine, maana ndilo linaloninyima usingizi.

Boti yangu ni ya faiba, ya zamani, ya kubebea barafu kuwapelekea wavuvi na kurudi na samaki soko la Deep Sea hapa Tanga. Kusi moja iliyovuma vibaya iliikuta imetia nanga upande wa Sahare. Mawimbi yaliiingilia tezini, yaani nyuma, usiku kucha, na kulipopambazuka kamba ya nanga ilikuwepo, boti haipo. Ilikuwa imekaa chini wima kwenye mchanga, na mashine yake, Yamaha Enduro ya nguvu farasi 40, bado imeng'ang'ania tezi. Mashine haikuwa inanguruma ilipozama, na hilo ni jambo kubwa. Mashine inayozama ikiwa inazunguka huvuta maji ndani ya silinda, na maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta humo, konrodi, ile fimbo inayoishika pistoni, inapinda. Yangu ilizama imezimwa. Ilikuwa ya kuokolewa, na kila mtu aliyekuwepo ufukweni aliliona hilo.

Karakana hii inajitangaza kwamba kazi yote inafanyika mahali pamoja: kuopoa, kutengeneza bodi, kufufua mashine. Nikaona afadhali niwe na mtu mmoja wa kumuuliza. Jina lao silitaji kwa sasa.

Wazamiaji wao wanaongozwa na mzee mmoja, na huyo ndiye wa kwanza kati ya wale wawili. Nilimwamkia, akaitika, akaniangalia nilivyochanganyikiwa. "Mwanangu," akasema, "boti haina haraka, inangoja bamvua. Mashine ndiyo yenye haraka." Bamvua ni zile siku bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida. Wakaanza na tangi la petroli na mpira wake, mafuta yasije yakamwagika juu ya matumbawe, kisha wakalegeza skrubu za mashine chini kwa chini, wakaifunga kamba na kuipandisha kwenye ngalawa. Ile mashine ina kilo 70 na ushei. Haikugonga popote.

Kabla hatujagusa mchanga mzee alishauliza kama nina pipa. Nilikuwa nalo, la plastiki, la lita 200. Likajazwa maji ya bomba. Tukaivua mashine kofia, tukaisuuza, tukatoa plagi. Mzee akaizungusha kwa mkono, kwa upande wake wa kawaida tu, kwa sababu ukiizungusha kinyume unaumiza mapezi ya pampu ya maji. Ikazunguka laini, na maji ya bahari yakaruka kutoka kwenye matundu ya plagi. Kisha tukaitumbukiza pipani kichwa chini, mguu juu, na hivyo hivyo ikapandishwa kwenye Kirikuu mpaka karakana. Aliyeipokea aliandika kwa mkono wake katika daftari la mapokezi: "mashine inazunguka". Nakala ninayo.

Asiyefanya kazi za bahari anaweza kushangaa kwa nini mashine iliyotolewa majini irudishwe majini. Ni hivi. Inapokuwa chini ya bahari, hewa ya oksijeni inayoifikia ni ndogo. Ikitoka, chumvi bado imo ndani, unyevu upo, hewa ipo tele, na kutu inaanza kula chuma saa hiyo hiyo. Na mashine za aina hii za tustroki hazina sampu ya oili. Kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi zake hulainishwa na oili inayochanganywa kwenye petroli, basi. Maji yakishaisafisha oili hiyo, chuma kinabaki uchi. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hayazuii kutu milele, lakini yanaipunguza kasi na kuyeyusha chumvi, ili fundi apate nafasi ya kumaliza alichonacho mkononi na kuigeukia. Wapo watengenezaji wa mashine za boti wanaoshauri hivyo: kama huwezi kuihudumia mara moja, iache ndani ya maji baridi.

Na kazi iliyobaki ilikuwa ya mchana mmoja. Imwage maji, imimine spiriti kidogo kwenye silinda ifukuze unyevu, kisha oili, izungushe, fungua kabureta usafishe, badilisha oili ya gia, weka plagi mpya, iwashe, iache ingurume kwa nusu saa au zaidi mpaka ipate joto hadi ndani na kukauka. Hakuna spea ya kuagiza Dar. Hakuna chombo ambacho hawana.

Nilikwenda kuitazama siku kadhaa baadaye. Nikaikuta imelazwa juu ya mbao, juani, kavu, chumvi imeota nyeupe kwenye viungo, imeanikwa kama ng'onda. Pipa langu lilikuwa upande wa pili wa uwanja, limejaa maji ya kuchanganyia saruji. Walikuwa wanajenga ukuta. Waliihamisha mashine ya mteja ili wapate pipa!

Nikaingia ofisini kwa msimamizi. Nikatoa salamu. Hakuitika, macho yake kwenye simu. Nikamuuliza nani ameitoa mashine yangu kwenye maji.

"Mama, mashine haikai majini," akasema. "Mashine ni chuma. Kama kazi unaijua, kwa nini umeileta kwetu?"

Nikamwambia mzee wao mwenyewe ndiye aliyeiweka mle.

"Yule ni mpiga mbizi. Mambo ya mashine ni ya mafundi. Wewe nenda nyumbani, tutakupigia."

Nimeishi na boti tangu msichana. Nimefungua kabureta baharini kwa tochi ya mdomoni, mvua inanyesha. Na mtu ambaye hata kuitika salamu kumemshinda ananiambia niende nyumbani. Sikuondoka. Nilisimama pale uwanjani mpaka fundi wa mashine akaja, na yeye, kwa sauti ya chini, akaniambia alikuwa ameomba aianze yangu siku ile ile ilipoletwa, akahamishiwa mashine ya mteja mwingine aliyelipa zaidi. Huyu fundi nilimkasirikia wakati ule. Nikifikiri sasa, sijui angefanya nini. Lakini hata kuirudisha pipani? Hata kuimiminia oili kwenye matundu ya plagi? Hilo halihitaji ruhusa ya mtu.

Walipovuta kamba, haikwenda. Wakaifungua mbele yangu, kwa sababu nilikataa ifunguliwe nisipokuwepo. Ringi zimegandia ndani ya silinda. Beringi za kranki zimeliwa na kutu mpaka zina vishimo. Mashine iliyozunguka laini kwa mkono wa mzee ilikuwa imekuwa pande moja la chuma.

Bili ikaja: kranki, beringi, ringi, gasketi, na ufundi juu yake. Nikaupeleka ule ukurasa wa daftari. Msimamizi akausoma, akaurudisha mezani. "Mama, mashine yako ilikufa baharini. Sisi tumepokea maiti."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Hela inatafutwa. Kuambiwa uongo mbele ya mwandiko wao wenyewe, siwezi kukaa nao moyoni.

Sasa nije kwa boti, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana nitasifu.

Bamvua lilipofika, mzee alileta mashua mbili. Pwani yetu, bamvua likiwa kubwa, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa inazidi mita tatu. Yeye hakuleta winchi wala kreni. Aliziweka mashua ubavu kwa ubavu, boti yangu chini katikati, akalaza boriti kutoka mashua moja hadi nyingine, akapitisha mikanda mipana chini ya tumbo la boti, mmoja mbele na mmoja nyuma. Maji yalipokupwa kabisa akaikaza. Kisha tukakaa. Bahari ikaanza kujaa, mashua zikaanza kulia, zikazama kidogo mabegani, halafu chini kabisa ikasikika ile sauti ya mchanga kuachia. Boti ikaning'inia. Wakaikokota taratibu kuelekea ufukweni mpaka ikagusa tena, wakangoja maji yakupwe, wakaikaza upya, maji yakajaa, wakaisogeza tena. Mwishowe ilikaa mahali ambapo maji yakitoka inabaki nje yenyewe.

Nilimuuliza kwa nini asiivute tu hadi juu. Akanieleza nikaelewa kwa nini boti nyingi huvunjika siku ya kuopolewa kuliko siku ya kuzama. Maji yaliyomo ndani ya boti hayana uzito inapokuwa chini. Ukingo wake ukishatokeza juu, kila mita ya ujazo ya maji ya bahari ni zaidi ya tani moja inayoning'inia kwenye mikanda yako, tena inayumba huku na huku. Bodi linapasuka au chombo kinapinduka. Ndiyo maana aliiacha bahari iinue na bahari ipungue, na sisi tukabaki na kazi ya ndoo tu. Mzee huyu hakupaza sauti hata mara moja. Vijana wake walikuwa wanamtazama mkono.

Wa pili ni kijana wa faiba. Nilidhani kazi yake itakuwa kuziba ufa wa ubavuni. Yeye akaanza kugonga tezi kwa mpini wa bisibisi, inchi kwa inchi, sikio karibu. Pazima palilia kwa sauti kavu. Chini ya mahali mashine inapofungwa, paliitika kwa sauti nzito. Akatoboa tundu dogo kwa ndani, yakatoka maji meusi yananuka. Ndani ya tezi, kati ya tabaka mbili za faiba, kuna plaiwudi, na ile plaiwudi ilikuwa imeoza. Si kwa kuzama kule. Ni kwa miaka ya maji kupenya kwenye matundu ya bolti ambayo mmiliki aliyenitangulia hakuyaziba. Povu la chini ya sakafu nalo, lililowekwa ili boti ielee, lilikuwa limenyonya maji na kuwa mzigo. Angeweza kupaka rezini, ile gundi ya faiba, juu, kupiga rangi, na mimi nisingejua mpaka mashine ing'oke na tezi yake bahari ikichafuka.

Akakata ngozi ya ndani, akaiacha ya nje ishike umbo, akachimba mbao mbovu kwa patasi. Kisha akagoma kuendelea. Nilikuwa na haraka, nikambana. "Mama yangu," akasema, "rezini haishiki kwenye unyevu. Bora unikasirikie leo." Kila jioni alibandika karatasi ya nailoni na kuizungushia utepe, asubuhi akaibandua kutazama kama imetoa jasho. Ikitoa jasho, anangoja. Ilipokauka ndipo akaweka plaiwudi mpya, akazamisha kingo zake kwenye rezini. Pale penye ufa alisaga mteremko mrefu, kwa kila milimita moja ya unene akirudi nyuma milimita 12, ili mkeka mpya wa nyuzi za faiba ushikane na faiba ya zamani kwenye eneo pana. Jua lilipokuwa kali alipunguza hadina, dawa ya kugandisha rezini, kwa sababu rezini ikiganda kwa kasi inapata joto na kupasuka. Mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalokagua vyombo vya majini, alipokuja aligonga tezi ile kama yeye alivyogonga, akaridhika.

Nikifika hapa hasira zinapungua na nataka kuwapa nyota nne. Boti iko majini. Haivuji tone. Ni nzima kuliko nilipoinunua, na nyepesi zaidi sasa lile povu limetoka. Kwa kuopoa na kwa faiba, sijaona kazi ya namna hii hapa Tanga, na mtu wangu akizamisha boti kesho nitamwelekeza kwao bila kusita.

Halafu nakumbuka lile pipa. Nakumbuka "nenda nyumbani". Mzee na kijana wanafanya kazi ya heshima, na msimamizi mmoja anakusanya heshima hiyo na kuitupa mlangoni. Naambiwa hata hao wawili hulipwa kwa kuchelewa. Kwa hiyo nyota inarudi moja, na ushauri wangu kwa sasa ni huu: boti wapeni, mashine msiwape. Mashine ikizama, ifungueni pale pale ufukweni na fundi wenu, au ikae pipani kwenu chini ya macho yenu mpaka afike.

Yangu niliikomboa, nikaipeleka kwa fundi mwingine, akaifunga kranki mpya kwa hela yangu. Inanguruma vizuri. Gharama za kranki, beringi na ringi nimewapelekea kwa maandishi pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari, na hadi leo hawajajibu. Wakilipa, nitaondoa niliyoandika juu ya ofisi yao. Niliyoandika juu ya mzee na kijana wa faiba yatabaki.