Darubini ya 8x42 kwa kumtambua bweha: inafaa kuinunua?

Kwa anayetoka Dodoma kwenda Tarangire kupitia Kondoa na Babati, au Ruaha kupitia Iringa, darubini ya 8x42 ndiyo tunayoipendekeza. Namba 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 upate 5.25, ambao ni upana wa mwanga unaoingia jichoni. Ile ndogo ya mfukoni, 8x21, hutoa milimita 2.6 tu. Mchana hutaona tofauti kubwa, lakini bweha huhangaika zaidi alfajiri na jioni, na saa hizo ile ndogo inakuonyesha kivuli tu.

Na kivuli hakitoshi, kwa sababu bweha hutambulika kwa rangi. Bweha mgongo-mweusi ana tandiko jeusi lenye nywele nyeupe kutoka shingoni hadi mkiani, ubavu wa rangi ya kutu, na ncha ya mkia nyeusi. Bweha miraba ni wa kijivu, masikio mafupi zaidi, na ncha ya mkia wake kwa kawaida ni nyeupe. Usitegemee mstari wa ubavuni, mara nyingi umefifia. Ukiona masikio makubwa mno na miguu myeusi, mnyama ameinamisha kichwa akisikiliza wadudu ardhini, huyo ni bweha masikio.

Ile ya 10x42 tunaiweka ya pili: inakuza zaidi, lakini mkono ukitikisika picha inacheza, na eneo linaloonekana ni dogo, hivyo bweha anayekimbia kwenye nyasi anakupotea. Kwa yoyote utakayochukua, zima injini na uiegemeze dirishani juu ya kifuko cha mchele.

Irekebishe kabla ya safari. Ziba lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome kibao cha mbali. Kisha ziba ya kushoto, na zungusha pete ya jicho la kulia tu. Wengi huruka hatua hii, kichwa kikiwauma wanailaumu darubini.

Kasoro yake ni uzito, hivyo tafuta mkanda mpana wa shingo. Vumbi lipulize kwanza. Ukifuta kwa shati, mchanga unakwaruza lenzi.

Dukani, ziepuke zenye lenzi zinazong'aa wekundu. Zinarudisha nyuma mwanga mwekundu, na ile rangi ya kutu unayoitafuta ubavuni inapauka.