Transfoma niliyouziwa Ngamiani, na neno nililotupiwa juu yake

Nilitaka kuandika habari za amplifaya, lakini kila nikianza namkumbuka yule bwana wa duka. Basi acha nianze naye.

Amplifaya yenyewe ni mtumba wa Japani, zile za klasi A. Kwao umeme ni volti 100, kwetu 230, kwa hiyo bila transfoma ya kushusha usithubutu kuichomeka. Nikaenda Ngamiani, duka moja la vifaa vya umeme, barabara ya ngapi sisemi. Akanipa transfoma kwa shilingi 85,000. "Hii mzee wangu hata friji inabeba." Nikaipandisha mwenyewe hadi ghorofa ya pili Chumbageni, chumba na sebule, jasho linanichuruzika.

Siku ya kwanza iliunguruma. Nikasema labda ndivyo zilivyo. Siku ya pili, usiku, nimeweka taarabu ya zamani ya Black Star, hawa hawa wa Tanga, Shakila anaimba, sauti nimeipunguza kabisa kwa ajili ya majirani, mara nasikia harufu. Nikadhani mke wangu kaunguza tui. Kumbe jikoni hakuna hata sufuria. Ni vanishi ya nyaya za transfoma inapikika. Nilipoizima, kifuniko kilikuwa kimeshapinda kwa moto.

Kesho yake nikairudisha. Salamu hakuitikia. Akaitazama transfoma, akanitazama mimi, duka limejaa watu, akasema: "Baba, umechomeka redio au pasi? Si ununue sabufa tu kama wenzio." Wakacheka. Kisha akanyoosha kidole ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Sabufa! Sina ugomvi na sabufa, hata shemeji yangu anayo na inamtikisia vikombe kabatini. Lakini mbele za watu, mtu na mvi zangu? Mji huu hata anayekudai hukuamkia kwanza.

Haki ya Mungu niseme na upande wake. Siku ya kununua aliniuliza, "Inakula wati ngapi?" Nikamjibu thelathini kila upande, yaani sitini. Hizo ni za kwenda kwenye spika. Kwenye soketi klasi A inavuta mara kadhaa ya hizo, na inavuta hivyo hivyo ukipiga kwa nguvu, ukipiga kwa kunong'ona, hata usipopiga kitu. Transista zake hazipumziki, na umeme usiogeuka sauti unageuka joto. Fundi alipoipima yangu ilikuwa wati 250, na hapo hakuna wimbo. Transfoma ilikuwa ya wati 200. Kwa hiyo ndiyo, labda na mimi nina langu. Lakini mfamasia humpa mtu dawa kwa kuambiwa "ile nyeupe"? Si angeuliza mara ya pili!

Ikiwaka kwa muda wa saa nne tu uniti moja imekwenda, na mita ya LUKU tunachangia na jirani wa mlango wa pili. Ni dada mpole. Siku moja akashindwa kuvumilia: "Kaka, mbona redio hata haisikiki na uniti zinakwisha?" Nilimweleza klasi A mpaka chai ikapoa. Hakuniamini, na mimi ningekuwa yeye nisingeamini. Siku hizi tukinunua umeme naongeza elfu tano zangu. Joto nalo ndiyo usiseme. Msimu wa kaskazi sebule ile inakuwa tanuri. Nikiwasha feni inanifunikia mziki, nikizima shati linaloa.

Ukiniuliza ninapokuwa na hasira nitakwambia usinunue, fleti ndogo si pahala pake. Lakini juzi, watu wamelala, Shakila alivuta pumzi kabla ya beti. Pumzi! Miaka yote kanda hizo nazisikiliza, sijawahi kuisikia. Na gitaa la besi limetulia mahali pake, halivimbi. Mke wangu alitoka chumbani kuja kugomba, akakaa.

Amplifaya naipa nyota tano mbele ya mtu yeyote. Nne, kwa ajili ya joto. Duka lile sifuri, na ningekuwa na chini ya sifuri ningeitoa.

Ila transfoma mpya, ya wati 1000, imetoka huko huko. Nilimtuma mpwa wangu, mimi nikasubiri kwenye bajaji upande wa pili wa barabara. Hii haiungurumi na haipati moto, sina la kuilaumu. Tatizo lake ni pale ninapowasha: amplifaya inameza umeme kwa mkupuo na fyuzi inakatika, si kila siku, lakini wiki haipiti. Inataka zile fyuzi za kuchelewa kukatika. Nimezunguka Ngamiani yote kuzitafuta. Anazo yeye tu.