Kitini cha visa vya wagonjwa na darasa lake la Jumamosi, Kirumba

Niko mwaka wa pili wa diploma ya utabibu hapa Mwanza, na fiziolojia ya mwaka wa kwanza niliirudia. Nilikuwa nakariri. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia matawi yote ya vena ya porta, mshipa unaoingiza damu ya utumbo na bandama kwenye ini, ila ukiniuliza yanamhusu nini mgonjwa aliyelala mbele yangu, kimya. Ndiyo maana mwezi wa pili nilitoa shilingi 15,000 nikanunua kitini hiki cha visa 40 kwenye steshenari moja ya Kirumba. Darasa lake liko chumba cha nyuma, kila Jumamosi saa tatu, shilingi 3,000 kwa siku. Anafundisha tabibu mstaafu.

Kisa cha saba ndicho kilichonifanya niandike haya. Mvuvi wa miaka 38 anatapika damu nyekundu tangu alfajiri. Macho hayana manjano. Anajibu maswali vizuri. Chini ya mbavu za kushoto kuna uvimbe mgumu unaofika karibu na kitovu.

Mwalimu anataka ufunike ukurasa kwa karatasi, uishushe mstari mmoja mmoja. Nusu ya darasa, nami nikiwemo, tuliandika vidonda vya tumbo. Hakusema tumekosea. Aliuliza tu, "Na hiyo bandama mnaiweka wapi?" Akatupa chaki tuchore damu inakotoka na inakokwenda.

Nilipochora ndipo nikaona. Damu ya utumbo na ya bandama huingia kwenye ini kwa mlango mmoja, hiyo vena ya porta. Mayai ya kichocho cha tumbo hubebwa na damu hiyo, yakanasa kwenye matawi madogo ndani ya ini, mwili ukayazungushia kovu, njia ikaziba. Presha inapanda nyuma yake: bandama inavimba, na damu inatafuta pa kupita kwenye vena za sehemu ya chini ya umio, ambazo ni nyembamba kwa mzigo huo. Zinatanuka, siku moja zinapasuka. Manjano hayapo kwa sababu seli za ini zenyewe bado zinafanya kazi, ateri, mshipa unaoleta damu kutoka upande wa moyo, inaendelea kuzilisha. Ini lililoharibiwa na pombe kwa kawaida halikuachii macho meupe namna hiyo.

Mimi ni wa Nansio, Ukerewe. Nimekulia mwaloni, nimeoga ziwani na kuchota maji humo humo. Wanaume wawili wa mtaani kwetu walikufa wakitapika damu, na watu wakasema wamelogwa. Siku ile sikupanda daladala. Nilitembea mpaka nyumbani.

Visa viwili vinavyofuata vinabaki kwenye bandama, na mpangilio huo naupenda sana. Mtoto wa miaka miwili mwenye seli mundu, bandama yake imejaa mkononi. Kisha kijana wa miaka 14 mwenye ugonjwa huo huo, unapapasa hupati kitu. Seli zilizopinda zimeziba mishipa ya bandama mara nyingi hadi imesinyaa, na ndiyo sababu homa kwa kijana huyu si ya kusubiri kesho: kinga yake dhidi ya bakteria wa nimonia imepungua mno.

Kasoro zipo. Picha ni fotokopi ya fotokopi. Yai la kichocho cha tumbo limekuwa doa jeusi, mwiba wa ubavuni hauonekani, na huo ndio unaolitofautisha na la kichocho cha mkojo, ambalo mwiba wake uko nchani. Kisa cha 22 kinataja ugonjwa kwenye kichwa cha habari, kwa hiyo hakuna cha kutafuta. Kisa kimoja ni cha mtu aliyeumwa na kupe huko Marekani. Nafasi hiyo ningeipa kifafa cha mimba, ambacho hakimo kabisa. Visa vya moyo ni vifupi mno.

Hakuna jina la mgonjwa wala la kijiji popote, na mwalimu haruhusu mtu kuleta picha za wodini kwenye simu. Namheshimu kwa hilo.

Kitini hakifundishi majina ya viungo, kwa hiyo uwe na kitabu cha anatomia pembeni. Beba penseli nyekundu na ya bluu, na ufike mapema. Viti ni 25, wanaochelewa wanasimama dirishani.