Kula njiani Kampala–Mbarara mkiwa wawili: muchomo wa Lukaya, katogo ya Masaka na eshabwe

Barabara hii ya Uganda, kutoka Kampala kwenda Mbarara, nimeila mara nyingi wikendi, kila mara tukiwa wawili garini, na ushauri wangu wa kwanza ni mmoja: usinunue chakula kupitia dirishani. Mmoja abaki na gari, mwingine ashuke mpaka kwenye jiko. Nyama nzuri na nyama mbaya za Lukaya, mji wa kando ya barabara kabla ya Masaka, hutoka kwa wauzaji walewale, soko lilelile, bei ileile. Tofauti ni kwamba aliyeshuka ameuona moto, na wa dirishani ameonyeshwa kijiti tu.

Kutoka Kampala hadi Mbarara ni kama kilomita 270. Makosa ya wengi ni kutaka muchomo, yaani nyama ya kuchoma, asubuhi wakati wa kwenda. Ukitoka Kampala saa kumi na mbili ili uikwepe foleni ya Kyengera na Nsangi, unafika Lukaya mapema mno: mkaa ndiyo kwanza unashika, na kuku anayekimbizwa kwenye dirisha lako huenda ni wa jana jioni aliyerudishwa motoni. Pita. Hata pale Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, kunyweni chai au kahawa, pigeni picha mwondoke.

Kifungua kinywa kiwe Masaka, kilomita kama 130 kutoka Kampala, na kiwe katogo. Ni matoke yaliyopikwa sufuria moja na utumbo, nyama, maharage au karanga. Agiza ya utumbo kama unajua kuila. Kama hujazoea, ya maharage haina hatari. Katogo ni chakula cha asubuhi hasa. Ikishapita saa nne hivi, sufuria imebaki chini, matoke yamevurugika na mchuzi umekauka, na baadhi ya wapishi huongeza maji ya moto ili itoshe. Utaitambua kwa mchuzi mwepesi unaojitenga na ndizi. Sahani moja ya kawaida inamshibisha mtu kabisa, kwa hiyo wawili mnaokusudia kula tena mchana agizeni moja na sahani tupu ya pili. Hakuna atakayewashangaa.

Chakula cha mchana ndicho ninachokithamini kuliko vyote safarini: eshabwe ya Ankole. Mahali rahisi pa kuipata kwa msafiri ni Igongo, kituo cha utamaduni kilichoko Biharwe, kama kilomita 12 kabla ya kuingia Mbarara; pana makumbusho pia, mkitaka kunyoosha miguu kabla ya kukaa mezani. Eshabwe ni samli inayopigwa kwa mkono pamoja na maji ya baridi yaliyochemshwa, chumvi na chumvi ya mawe, mpaka igeuke nyeupe na nzito kama uji laini. Ile chumvi ya mawe ndiyo inayofanya mafuta na maji vishikane. Ndiyo maana huliwa ikiwa baridi. Msiombe ipashwe moto, kwa sababu ikipata joto inajitenga, inarudi kuwa mafuta juu na maji chini, na hakuna mpishi atakayeirudisha. Ileni na kalo, ule ugali wa wimbi, au na matoke. Ni nzito sana: bakuli dogo moja linawatosha wawili. Na mkiila wakati wa kurudi, dereva asishibe kupita kiasi, maana kipande cha Lyantonde, kati ya Mbarara na Masaka, ni kirefu, kimenyooka, na usingizi wa samli ni wa kweli.

Sasa Lukaya, wakati wa kurudi Jumapili. Lengeni saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Hapo mabasi na magari ya wanaorudi Kampala yamefuatana, nyama haikai, na kila jiko lina moto wa kweli. Mnatoka Mbarara, kwa hiyo egesheni upande wenu wa kushoto, nje kabisa ya lami. Msivuke barabara kwa ajili ya kijiti cha nyama. Mabasi hayapunguzi mwendo kwa mtu.

Kuku kwanza. Paja lililochomekwa kwenye kijiti ni nene, na mkaa mkali huibabua ngozi kabla joto halijafika mfupani. Kwa hiyo weusi wa nje hauthibitishi kitu. Fanya hivi: omba kipande ulichochagua kirudishwe juu ya wavu dakika tano hadi saba, kikigeuzwa mara mbili au tatu, nawe ukiwa umesimama hapohapo. Kisha omba kikatwe kidogo kwenye kiungo. Mvuke utoke, maji yawe meupe, na nyama iliyogusa mfupa isiwe na wekundu. Angalia na kijiti chenyewe: kikiwa kimeungua urefu wote na nyama inazunguka bila kukishika, huyo kuku ameshapashwa zaidi ya mara moja. Wauzaji waaminifu hawakasiriki kuombwa haya. Anayekasirika, mwache, jirani yake yuko hatua mbili.

Nyama ya mbuzi inavumilia moto zaidi kuliko ya ng'ombe, mradi isikose mafuta. Maini na firigisi nimeacha kununua jioni, yamekauka mno.

Gonja, yaani ndizi mzuzu ya kuchoma, ndiyo kitu ambacho sijawahi kujuta kukinunua, ila ichaguliwe. Ndizi iliyowahishwa jikoni kabla haijaiva huwa ngumu katikati, nyeupe, na ladha ya unga. Bonyeza kwa vidole kupitia karatasi: ilegee sawasawa kutoka ncha hadi ncha. Iliyochomwa kwa moto wa polepole ni ya dhahabu, ina madoa ya kahawia ya sukari iliyoungua kidogo, haina ganda jeusi.

Safari yangu ya mwisho paja la kuku lilikuwa shilingi 7,000 za Uganda, kijiti cha mbuzi 5,000, gonja 1,000 kila moja. Uliza "ssente mmeka?", yaani pesa ngapi kwa Kiganda, kabla hujakishika chochote, na uwe na noti ndogo. Noti ya 50,000 ndiyo inayoleta ugomvi wa chenji. Kiswahili cha biashara kinaeleweka kwa wengi, kwa sababu malori ya Mombasa kwenda Kigali na Kongo hupita hapa usiku na mchana.

Kataa kaveera. Nyama ya moto ikifungwa ndani ya mfuko wa plastiki hutoa jasho, ngozi inalainika, na harufu ya plastiki inaingia ndani ya dakika kumi. Beba bakuli lako lenye mfuniko na uuache wazi hadi mvuke uishe. Kachumbari siichukui barabarani, maana sijui kabichi imeoshwa kwa maji gani. Chumvi na pilipili zinatosha. Galoni ndogo ya maji ya lita mbili na kipande cha sabuni vikae nyuma ya kiti.

Baada ya Lukaya, kuelekea Kampala, ndipo kuna Lwera na wauzaji wa samaki wabichi kando ya kinamasi. Jumapili jioni ndio wakati wake, kwa sababu samaki anaenda moja kwa moja nyumbani. Samaki hao huning'inizwa juani na kunyunyiziwa maji, hivyo mng'ao wa magamba si ushahidi. Fungua mashavu: yawe mekundu, si ya kahawia. Macho yawe yamejaa, na tumbo likibonyezwa lirudi. Pima ukubwa pia. Ngege (tilapia) asipungue inchi 10 na mputa (sangara) asipungue inchi 20. Chini ya hapo ni samaki mchanga aliyekatazwa kisheria, na ukikutwa naye kizuizini shida ni yako. Omba atolewe matumbo hapohapo, kwa sababu ndiyo yanayooza kwanza, kisha mweke kwenye sanduku la barafu mliyoinunua Masaka. Bila barafu, chukua wa kukaushwa kwa moshi, maana ile foleni ya Nsangi jioni inaweza kula saa mbili peke yake.